Bolti Iliyomkatikia Baba

Maji ya rejeta yaliyochemka yana harufu yake, na aliyeinusa mara moja hawezi kuisahau: kutu iliyopikwa na sukari kidogo, kisha ikamwagwa kwenye vumbi. Hadi leo nikiinusa, hata kama ni kwenye kituo cha mafuta cha Nyeri mjini na gari lenyewe ni la mtu nisiyemjua, uso wangu hupata moto nikajikuta natazama viatu vyangu. Wenzangu husema harufu huwarudisha kwenye mapishi ya nyanya zao. Bahati yao. Mimi hii yangu hunirudisha kwenye lango letu la Giakanja, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, baridi ya Tetu ikiwa imekaza na ukungu umeikalia mibuni tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari pale Kiganjo, kwenye uwanja wa wazi nyuma ya maduka, mahali ambapo udongo ulikuwa mweusi kwa mafuta hata mvua ikinyesha maji yalikosa pa kuingilia. Alikuwa fundi mzuri, na alijijua. Kazi iliyompa jina ilikuwa moja: kutoa bolti iliyokatikia ndani ya injini bila kuifungua injini yenyewe. Kwa asiyejua, niseme hivi. Bolti ikikatika, kichwa chake hubaki mkononi mwako na mwili wake hubaki ndani ya chuma, hakuna pa kuushika. Mafundi wengi huona heri kuishusha injini nzima na kuipeleka kwa wenye mashine, na mwenye gari hukaa wiki akitembea kwa miguu. Baba aliinama, akachungulia, akaomba asisemeshwe, na baada ya muda kipande kikatoka kizima kama jino la mtoto. Magari yalimfuata kutoka Karatina, na hata wauza mifugo wa Kiislamu wa Nanyuki, wenye malori yao, walimjua kwa jina. Na kila alipoitoa bolti ya mtu hakukosa neno la kumrushia aliyeikata. Alisema huyo ana mkono wa kufungia ng'ombe, spana alipewa na nani. Alipenda sana kusema hivyo, na alilisema mbele ya watu.

Nyumbani tulikuwa mabinti wawili, na kwetu jina si jina tu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama, na mtoto hulichukua jina pamoja na heshima yake. Kwa hiyo dada yangu Wanjiru, baba alimwita "mama", tena alimaanisha. Mimi, Wangari, nilibeba jina la mama mkwe wake. Basi mimi nikawa "mkwe", na nikaheshimiwa kama mkwe. Baba hakuvua shati mbele yangu. Hakuwahi kunichapa hata siku nilizostahili, na siku hizo hazikuwa haba. Nikimwomba kitu hakusema hapana. Alisema "tutaona, mkwe", na baadaye kikapatikana. Mama alilijua hilo vizuri, na kila alipotaka jambo lipite alinituma mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilidhani dunia nzima imepangwa hivyo.

Likizo ile nyumba yetu haikuwa na habari nyingine ila Wanjiru. Mwangi wa Kenol, mchumba wake, alikuwa amekwisha kuja kujitambulisha, na sasa wazee wake walikuwa wanakuja kwa ruracio, yaani mazungumzo ya mahari. Ua wa miiba ya kaiyaba ulikatwa ukanyooka. Lango likapakwa rangi ya kijani. Mama akachachusha uji wa mtama kwenye vibuyu, maana sisi tulikuwa watu wa kanisa na pombe haikuingia kwetu, na nyumba ikanuka uchachu mtamu kila kona. Lakini jambo lililokuwa likimkosesha baba usingizi halikuwa mbuzi wala mahari. Kwa desturi ya nyumba yetu, wazee wakishaelewana binti huitwa mbele yao akiwa na uji kwenye kata, kibuyu cha kunywea, huulizwa kama unywewe, na akikubali humpa baba yake anywe wa kwanza. Hapo ndipo neno linakuwa neno. Baba aliingoja kata hiyo kuliko Wanjiru alivyoingoja harusi. Alinunua suti ya kijivu kwenye duka la Mhindi mmoja mjini Nyeri. Alikichagua kiti chake, akakiweka katikati ya ukuta unaotazamana na mlango, kisha jioni moja akakikalia kujaribu, mkono ameunyoosha kama anayepokea kitu. Mama akamcheka.

"Utaimwaga hiyo uji," akamwambia.

"Ni mama yangu wanamchukua," baba alisema. "Lazima anipe na mkono yake."

Kwetu wageni wa ruracio hawaingii hivi hivi. Wanawake wa nyumbani hulifunga lango na kuimba, wa nje hujibu kwa nyimbo zao, na lango halifunguliwi mpaka wenyeji waridhike. Hiyo ndiyo raha ya siku. Wageni walikuja na pikapu moja kuukuu ya Mzee Njuguna, baba yake Mwangi, akiiendesha mwenyewe. Wanawake wao walishuka chini ya kilima ili wapande wakiimba, na pikapu ikawa inatambaa nyuma yao kwa gia ya kwanza, imejaa watu, magunia na kreti za soda. Njia ya kwetu inapanda kwa ubishi. Ilipofika langoni ilikuwa tayari inahema, na hapo ndipo shangazi zangu walipoanza. Shangazi zangu walikuwa na sauti, na haraka hawakuwa nayo. Nyimbo ziliimbwa, zikajibiwa, zikarudiwa. Wageni wakaambiwa sauti zao zimeshikwa na baridi, hebu waanze upya. Mzee Njuguna hakuizima injini, kwa sababu kila wimbo ulionekana kuwa wa mwisho, na betri yake hakuiamini. Mimi na wasichana wenzangu tulikuwa tumepanda juu ya lango, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kisha mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti, na ile harufu ikatufikia.

Wimbo ulikatikia katikati. Lango likafunguliwa haraka haraka na pikapu ikasukumwa hadi uani. Yaani wakwe, watu ambao kwetu hata kuwakodolea macho ni kukosa adabu, waliingia nyumbani kwetu wakisukuma gari, jasho likiwatoka na suti zao zimejaa vumbi, kwa sababu ya mzaha wetu. Niliona uso wa baba ukibadilika. Akavua koti la suti mpya, akampa mama, akaomba kisanduku chake cha vifaa. "Ni kitu kidogo," alimwambia Mzee Njuguna. "Mkimaliza chai nitakuwa nimemaliza." Maji yalikuwa yakivuja pale bomba la juu la rejeta linapoingia kwenye injini, chini ya kifuniko kilichoshikwa na bolti mbili. Kilichohitajika ni kuzikaza tu. Lakini injini ilikuwa bado ya moto, bolti zenyewe zilikuwa za zamani na zimeliwa na kutu, na fundi yeyote, wa kwanza yeye mwenyewe, angekuambia ngoja ipoe. Hakungoja. Wakwe walikuwa wamesimama wanamtazama, na alitaka wamjue ni nani. Akatia spana, akaichomekea kipande cha bomba ili apate nguvu zaidi, akavuta. Ikalia ta, sauti ndogo kama ya kijiti. Baba akabaki ameshika spana yenye kichwa cha bolti ndani yake.

"Imekatika?" Mzee Njuguna aliuliza kwa upole.

"Imekatika," baba alisema. "Imekatikia mkononi mwangu."

Ukivunja kitu cha jirani unaomba radhi, yanaisha. Kitu cha mkwe ni habari nyingine, tena siku ile, tena yeye. Mtoto kama nilivyokuwa, niliisikia hadithi ikifika Kenol kabla ya wenyewe: walitufungia lango mpaka gari likachemka, kisha baba wa msichana akalimaliza, na ati huyo ndiye fundi wao. Mzee Njuguna alijitahidi kumwokoa. Alisema, "Mkwe, gari ni chuma tu. Wacha tuingie ndani. Jioni tutatafuta ingine hapo Nyeri, hii itabaki utengeneze pole pole." Hakukuwa na dharau hata chembe kwenye maneno hayo, na nadhani ndiyo yaliyomchoma baba zaidi. Dharau angeijibu. Alisema, "Hii gari haiwezi kulala kwangu. Ingieni, muanze, nakuja." Wakaingia. Baba mdogo, ndugu yake baba aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo, akaingia nao, na mlango ukarudishwa. Kile kiti cha katikati ya ukuta kikabaki kitupu.

Baba alisimama akaifikiria ile kazi. Kukifungua kichwa cha injini kusingefaa, gasketi, ile pedi ya kuzibia katikati ya vyuma, ingechanika, na nyingine ingetoka wapi Jumamosi mchana. Vifaa vyake vya maana vilikuwa Kiganjo, na stima ilikuwa haijafika kwetu. Ilibidi kipande kitoke pale pale kilipo, kwa mkono. Akaifungua bolti ya pili polepole, sasa akiwa na adabu zote, akakiinua kifuniko, na kipande kikaonekana: kimekatika chini kidogo ya uso wa chuma, kimekaa kinang'aa. Alitoa hankachifu aliyopigiwa pasi na mama asubuhi, akaisokota, akalizibia tundu la maji ili vumbi la chuma lisidondokee ndani ya injini. Kisha akakidondoshea kipande mafuta taa, akachuchumaa kungoja yapenye. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi ile, kukaa tu. Kutoka ndani tulisikia wazee wakikohoa na kuanza maneno yao ya kuzunguka, wamepoteza mwanakondoo, wamesikia ameonekana huku, na kila watu walipocheka baba aligeuza kichwa. Alidhani wanamcheka yeye.

Baba mdogo alitokea mlangoni. Hakumwita kaka yake, aliniita mimi, kwa sababu alijua. "Wangari, nenda umwambie baba yako aingie. Mwambie wewe." Nikaenda nimevimba kichwa, nina uhakika kama mtu aliyeshika ufunguo. Nilimwambia wanamwita ndani. Akasimama, kama alivyosimama kila nilipomjia na neno, akajifuta mikono, akasema, "Nakuja, mkwe. Waambie nakuja." Nikarudi nikasema anakuja. Watu wakangoja kidogo, wakaendelea.

Alichukua tindo na nyundo ndogo. Aliiweka ncha ya tindo pembeni mwa kipande, akawa anaigonga kidogo kidogo kuelekea upande wa kufungua, akijaribu kukizungusha. Kipande hakikutikisika. Tindo likateleza na kuchora doa jeupe kwenye chuma cha gari la mkwe, na baba akalipaka grisi kwa kidole, akitazama kulia na kushoto. Kuona mtu mzima, baba yangu, anaficha doa kama mtoto anavyoficha ukurasa aliochana, kulinifanya nitazame pembeni. Akaenda nyuma ya nyumba ambako vijana walikuwa wakichoma nyama. Walikuwa wanapiga soga. Walipomwona wakajifanya wanageuza nyama. Akachomeka nondo motoni, ilipoiva akarudi nayo mbio akakigusisha kile kipande, na hapo hapo akakisugulia mshumaa, ili nta iyeyuke na kunywewa na nyuzi za bolti. Nilitumwa mara nyingine. Safari hii hakusimama. "Tutaona, mkwe," alisema, macho kwenye injini. Niliporudi sikujua nipeleke jibu gani. Nikasema ananawa mikono.

Jirani yetu seremala alileta keekee yake ya kuzungushwa kwa mkono. Baba alitoboa kitundu katikati ya kipande, katikati kabisa, akizungusha na kusimama, akipuliza na kuangalia, kwa sababu keekee ikienda upande inakula nyuzi za injini yenyewe na hapo ndipo gari huwa limeharibika kweli. Kisha akaichukua tupa kuukuu. Tupa ikitolewa mpini wake wa mti hubaki na mkia wenye pembe nne, mwembamba nchani na mnene juu. Akauingiza mkia huo kwenye kitundu, akaugonga taratibu mpaka ukauma chuma, kisha akaushika kwa spana. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake ya Kiganjo, mkia wa tupa na moyo wa kungoja. Alikuwa anaanza kuvuta nilipotokea kwa mara ya mwisho. Baba mdogo alikuwa amenisukuma begani, amekasirika waziwazi. Wazee walikuwa wamekwisha kuelewana, Wanjiru alikuwa anatoka chumbani na kata.

"Baba, Wanjiru anaingia sasa," nilisema.

Pale pale mkia wa tupa ukalia kri, ukasogea. Kidogo sana, lakini nilikiona kipande kikisogea nao. Baba akaniangalia, na sijawahi kuona uso ulio na furaha na hofu kwa pamoja namna ile. Maana bolti ya aina hiyo ikikubali haiachwi, wala haikimbizwi. Unaizungusha mbele kidogo, unairudisha nyuma, unaongeza mafuta, unarudia. Ukiiacha ikapoa inashika tena. Ukiiharakisha, mkia unakatikia ndani ya kitundu, na hicho ni chuma kigumu kisichotobolewa na keekee yoyote. Hayo niliyajua, mtoto wa fundi hujua mengi. Hata hivyo nilimvuta shati. Nikamwambia twende.

"Hapana," alisema baba. "Hapana, mkwe. Imekubali."

Nilirudi peke yangu. Watu wote ndani walitazama nyuma yangu, wakamkosa waliyemtarajia, na baba mdogo, kwa kuwa kata ilikuwa tayari mlangoni na mambo hayo hayasimamishwi, akainuka akaenda kukikalia kile kiti. Wanjiru aliingia ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa, kata mikononi, hatua ndogo ndogo ili asimwage. Alienda moja kwa moja kwenye kiti bila kuinua macho. Alipofika akaona viatu. Havikuwa viatu vya baba. Akainua uso.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

Swali hilo halimo kwenye desturi. Baba mdogo akajibu, "Yuko na gari huko nje," na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka kwenye shughuli ikiwa imekwenda vizuri na wamekula. Wanjiru hakucheka. Akaulizwa kama uji unywewe, akasema unywewe, kwa sauti ambayo wageni wa nyuma waliomba irudiwe. Akampa kata baba mdogo. Baba mdogo akanywa. Vigelegele vikapigwa, na mimi nikabaki nimeegemea ukuta natamani ardhi ipasuke. Niliona haya kwa ajili ya dada yangu aliyesimama pale mikono mitupu. Niliona haya kwa ajili ya baba. Na nilijionea haya mwenyewe, maana nilikuwa nimetumwa kwa sababu ya jina langu, na jina langu halikufua dafu.

Vigelegele vilikuwa bado havijaisha alipoingia. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni, shati jeupe halikuwa jeupe tena, na alikuwa ameishika ile tupa juu, kile kipande cha bolti kimeng'ang'ania kwenye mkia wake. Alikuwa anacheka. "Imetoka," alisema. "Mzee, imetoka bila kufungua kitu." Watu wakapiga makofi. Mzee Njuguna akasimama, akamsalimia kwa kumshika kigasha kwa kuwa kiganja kilikuwa na mafuta, akasema hajapata kuona. Hapo baba akatazama huku na huku, akitafuta pa kuketi. Akamwona ndugu yake kwenye kiti, kata tupu juu ya goti lake. Akamwona Wanjiru, ambaye alikuwa amegeuka ukutani. Mkono wenye tupa ukashuka wenyewe. Baba mdogo akanyanyuka nusu, ampishe. "Kaa, kaa," baba alisema kwa sauti nzuri kabisa, "mimi ni mchafu." Akasimama karibu na mlango, mgongo haugusi ukuta uliopakwa rangi juzi, na akabaki amesimama hapo mpaka shughuli ikaisha. Kabla hajaingia nilikuwa nimeomba Mungu aingie. Alipokwisha kusimama pale, na watu wakimpitia kando ili wasichafuke, niliomba atoke.

Pikapu iliondoka jioni, na bolti nyingine kutoka kwenye mkebe wa baba na gasketi aliyoikata kutoka kwenye boksi la majani chai. Ilifika Kenol bila kuvuja tone, habari ililetwa Jumatatu. Kumbe baba alikuwa ameshinda. Kule Kiganjo hadithi ilimwongezea jina: alitoa bolti kwa mkia wa tupa siku ya ruracio ya binti yake, akiwa na tai shingoni. Tai hakuwa nayo, lakini hadithi hazijali. Yeye mwenyewe aliisimulia mara nyingi, kila hatua, mafuta taa, nta, keekee, na alipofika kwenye "imetoka" aliishia hapo. Kwenye simulizi lake hakuingia mlangoni hata siku moja. Jambo moja tu niliona limebadilika. Watu walipomletea injini zenye bolti zilizokatika, hakusema tena neno juu ya mkono wa mtu. Aliinama akafanya kazi. Na mimi aliendelea kuniita mkwe, ila alipenda kuniita akiwa ametazama kwingine.

Sasa lami imefika mpaka langoni kwetu, na stima, na uwanja ule wa Kiganjo ni mahali pa kuoshea magari. Kwenye maduka ya Nyeri vyuma maalum vya kutolea bolti zilizokatika vinauzwa vimepangwa ndani ya kasha la plastiki. Nilimnunulia baba kasha moja, akashukuru sana, akaliweka juu ya kabati bila kulifungua. Injini za siku hizi zimefunikwa, na fundi huja na kompyuta kabla ya spana. Ruracio nazo zimepanuka, mahema, viti vyenye riboni, kijana mwenye kipaza sauti. Lango bado linafungwa, lakini magari huachwa mbali, na wapiga picha ndio wanaoamua wimbo umetosha. Ninayaandika haya bila manung'uniko. Mambo yamekuwa mepesi, na nani hapendi wepesi.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya Wambui, binti wa Wanjiru, na shughuli ilifanyika kwao Kenol. Baba ni mzee sasa, magoti hayamtii. Alifika mapema kuliko watu wa mahema, akaonyeshwa kiti chake mbele, akakikalia, na hakuinuka tena. Mchana vijana walikuja kwake mbio, gari la wageni limekataa kuwaka, nao wameambiwa guka, yaani babu, ni fundi wa zamani, hebu aje aangalie tu. "Tafuteni mwingine," aliwaambia, na akashika mikono ya kiti. Nilikuwa nimeketi kando yake. Wambui aliitwa, akaulizwa kwa kipaza sauti kama uji unywewe, akajibu kwa sauti ya msichana wa siku hizi, bila kuombwa kurudia. Akampa kata baba yake. Mwangi, mvi zimemjaa, aliishika kwa mikono miwili, akanywa na machozi yakamtoka mbele ya kamera zote, wala hakuyafuta. Vigelegele vikajaa hema. Katikati ya kelele hizo baba aliniinamia sikioni.

"Na mama," alisema, "siku ile, alisema nini?"

Miaka yote hiyo hakuwa ameuliza. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza mama mpaka tulipomzika, hakumuuliza Wanjiru. Ningeweza kumwambia lolote, Wanjiru, huyo mama yake, alikuwa mbali akiwahudumia wageni, na kelele zilikuwa nyingi. Nikamwambia ukweli.

"Aliuliza uko wapi."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, akiitazama mikono yake juu ya magoti, safi, kucha nyeupe. Nilidhani yameishia hapo. Wambui alikuwa amekwisha kurudi kwa wenzake na watu wameanza kusogeza viti wakati baba alipolijibu lile swali, akimtazama Wanjiru kule kwenye masufuria, kwa sauti ambayo Wanjiru asingeweza kuisikia.

"Nilikuwa hapo nje," alisema. "Hapo nje tu."